Togwa ya Bi Pimbi na Mdomo wa Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mnaitika kama watu walioshiba. Nasema paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na chungu!"

"Cha nani?"

"Cha waliolima!"

"Nani alikinywa?"

"Asiyelima!"

Eeh. Basi mmeshaijua, lakini nitawasimulia hivyo hivyo, maana hadithi hii hunipandisha hasira, na hasira ukiimeza peke yako inakuvimbisha tumbo. Sogeeni. Wewe mwenye mguu hapo, kunja, huu si mkeka wa baba yako.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanalima, aliishi Bi Pimbi kwenye kilima cha mawe, juu kidogo ya mto. Pimbi mnamjua. Kadogo, kanene kidogo, mkia hana, masikio yamekwenda likizo. Ukimwona unasema huyu ni panya aliyekula akashiba. Usimwambie hivyo usoni, ana meno.

Siku zile walilima kwa ujima. Leo wote kwa Kanga, kesho wote kwa Nguchiro, keshokutwa wote kwa Digidigi. Mwenye shamba halipi kitu. Kazi yake ni moja tu, kupika togwa. Asubuhi chungu kinafunuliwa, kila mtu akione kimejaa, ndipo jembe la kwanza linagusa udongo. Jua likifika utosini, kila aliyelima anapata kata yake moja, anakunywa, anafuta mdomo, anaendelea. Hapana togwa, hapana jembe. Ndiyo ilikuwa desturi yao, na ilikuwa desturi nzuri.

Mwaka ule Bi Pimbi alipanda ulezi, na ulezi ukaota vizuri, na magugu yakaota vizuri zaidi. Ulezi hauna ubavu. Usipoupalilia mapema unasongwa, na mwisho unavuna majani ya kufagilia. Pimbi alikuwa na watoto wanne. Ghalani alibakiwa na unga wa vyungu vitatu tu, na kifuko cha kimea. Shamba lisipopaliliwa, wale wanne hawafiki mavuno. Hilo alilijua akilala, na alilijua akiamka.

Zamu yake ilipokaribia, akawasha moto. Akasonga uji mzito, mzito wa kuchosha mkono, huku anaimba:

"Songa, mwiko, songa,
Zunguka nikuone,
Aliyelima anywe,
Asiyelima aone."

Akaepua. Hakutia kimea hapo hapo, hapana. Akachovya kidole. "Ssss! Bado." Akangoja. Akachovya tena. "Sasa." Maana kimea, wajukuu zangu, ni ulezi ulioloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, na kina tabia zake. Ukikitia kwenye uji wa moto sana, kinakufa. Ukikitia kwenye uji uliopoa, kinalala. Ukikitia panapostahili, uji mzito unalegea wenyewe, unakuwa mwepesi wa kunyweka, na utamu unaingia bila sukari hata chembe. Kila anayeshika mwiko anajua. Asiyeshika mwiko hajui, anakunywa tu.

Asubuhi Pimbi akakifunika chungu, akakiweka kivulini, akashuka shambani kuwapokea wenzake. Hajafika mbali, akasikia:

Ndi! Ndi! Ndi!

Kiboko alikuwa ametoka mtoni. Hajawahi kulima hata tuta moja la viazi, lakini pua yake ilijua togwa iko wapi. Akaondoa kifuniko, akapanua ule mdomo, mnaujua.

"Mkubwa!" Pimbi akapiga kelele. "Hiyo ni ya watu!"

"Naonja tu, mwanangu," akasema Kiboko. "Naonja tu."

Gubu! Gubu! Gubu! Akakiinamisha chungu, akakilamba. Beu! Akacheua mpaka majani yakatikisika.

Wenzake wakaja na majembe begani. Pimbi akafunua chungu, wakachungulia, wakaona udongo wa chini. Kanga alikuwa amekuja na wanawe kumi na wawili. Akatazama chungu, akatazama jua.

"Shoga," akasema taratibu, "hawa wangu nikiwalimisha bila kitu wataniangukia hapa hapa. Unajua desturi."

"Najua," akasema Pimbi.

Wakarudi makwao. Magugu yakabaki, na yalikuwa yanacheka, nawaambia.

Wakampa siku nyingine. Pimbi akapika chungu cha pili. Akasonga, akaimba, akachovya kidole, "Bado," akachovya, "Sasa," akatia kimea. Safari hii akakificha kwenye ufa wa jiwe, akakifunika majani, akaweka na kijiwe mlangoni.

Lakini juu ya mti alikaa Ngedere. Huyu Ngedere alikuwa mpambe wa Kiboko. Kila penye mwenye tumbo kubwa hapakosi mwenye ulimi mrefu pembeni. Akamwona Pimbi anavyoficha, akatelemka mbio mpaka mtoni.

Ndi! Ndi! Ndi!

"Naonja tu, mwanangu. Naonja tu."

Kijiwe kikarushwa, majani yakatapakaa, mdomo ukaingia ufani. Gubu! Gubu! Gubu! Beu!

Na baada ya kumaliza, sikilizeni, baada ya kumaliza yote, akakunja uso.

"Nyepesi," akasema. "Togwa gani hii? Maji ya kunawia."

"Mkubwa amezunguka dunia!" akadakia Ngedere. "Amekunywa magai ya kusini, amekunywa bushera ya magharibi, amekunywa uji wa mtama wenye ndimu na pilipili manga. Maji ya shayiri ya ng'ambo amekunywa! Hata ile ya siku hizi, ya chupa, inayotoa povu bila kulevya, amekunywa! Hajawahi kudharauliwa kwa maji namna hii."

"Mimi napenda nzito," akasema Kiboko. "Nzito ya kusimamisha mwiko. Tena sikilizeni wote. Kuanzia leo, chungu cha kwanza cha kila ujima ni changu. Neno langu ni neno. Likitoka halirudi nyuma."

"Halirudi nyuma!" akaitikia Ngedere.

Pimbi akasimama pale mbele ya chungu kitupu. Woga ulikuwa umekwisha kwenye chungu cha kwanza. Hasira ilimpanda kutoka kwenye kucha za miguu mpaka kwenye masikio, akashindwa hata kulia. Kunywewa jasho lako ni jambo moja. Kuambiwa jasho lako jepesi, ni jambo jingine.

Akaenda kwa majirani. Nguchiro akamwambia, "Vumilia, dada. Mvumilivu hula mbivu."

Digidigi akamwambia, "Mwenye nguvu mpishe, mama."

Kobe akatoa kichwa, akamwambia, "Haraka haraka haina baraka," akakirudisha ndani.

"Mbivu!" akafoka Pimbi. "Mbivu gani? Ulezi wangu umebakiza siku nne hivi usongwe, ninyi mnanipa methali! Nimpishe mara ngapi? Ameshapita, amekunywa, amecheua, na bado mnaniambia nimpishe! Hizi methali zenu zilitungwa na nani? Zilitungwa na viboko!"

Akageuka akaondoka. Kanga peke yake akamfuata mpaka njiani.

"Shoga, una unga bado?"

"Wa chungu kimoja."

"Kesho nitakuja na wanangu. Wengine nitawavuta. Lakini tukikuta kitupu..."

"Mtarudi," akasema Pimbi. "Njooni mapema. Na mje na macho."

Siku ya tatu ikafika. Pimbi hakupika usiku wa kuamkia siku hiyo, wala hakuficha. Aliweka mafiga juu ya jiwe kubwa, mahali pa wazi, mchana kweupe, watu wote wakiwa wamekaa na majembe yao wanamtazama. Akakung'uta unga wa mwisho kutoka kwenye kikapu, tu, tu, tu, mpaka vumbi. Akasonga.

"Songa, mwiko, songa,
Zunguka nikuone,
Aliyelima anywe,
Asiyelima aone."

Uji ukawa mzito, ukawa mzito tena, ukaanza kuguna, bwata, bwata. Akaepua. Akauchomeka mwiko katikati, akauachia. Ukasimama. Kimea hakutia. Kifuko chake kilikuwa kiunoni.

Ndi! Ndi! Ndi!

"Naonja tu, mwanangu..." Kiboko akaanza, kisha akauona mwiko. Macho yakamtoka. "Eh! Umesimama wenyewe?"

"Si ulisema unapenda nzito, Mkubwa?" akasema Pimbi. Sauti yake ilikuwa laini mpaka Kanga akashtuka. "Sukuma, uone."

Kiboko akausukuma kwa pua. Mwiko, ngii! Haukutikisika.

"Sasa hii ndiyo togwa!" akasema Ngedere, ambaye naye hajawahi kusonga hata uji wa mtoto.

Kiboko akapanua mdomo.

"Ngoja, Mkubwa," akasema Pimbi. "Ni ya moto, utaungua ulimi. Inapopoa, nina neno. Hawa watu wananung'unika. Wanasema chungu cha ujima si chako."

"Nani anasema?"

"Wote wanasema. Basi tukiulize chungu chenyewe. Mwiko umesimama. Ukibaki umesimama mpaka kivuli cha lile jiwe kifike hapa, kila chungu cha kila ujima ni chako, na sisi tutakubebea mpaka mtoni, usipande kilima tena. Na shamba langu uchukue, ulale juu yake."

"Pimbi!" Nguchiro akaruka. "Una wazimu? Vyungu vyetu..."

Kanga akamkanyaga mguu. Alikuwa amekiona kifuko kiunoni.

"Na ukianguka?" akauliza Kiboko, anacheka mpaka tumbo linacheza.

"Ukianguka, utapalilia shamba langu lote, leo, juani, kwa mdomo wako. Na hutagusa chungu cha ujima tena ila umelima."

Kiboko akautazama mwiko. Akausukuma mara nyingine. Ngii! Akawaza vyungu vyote vya nchi vinashuka kilima kwa miguu ya wengine, vinamfuata majini.

"Nakubali! Na wote mmenisikia. Neno langu ni neno. Likitoka halirudi nyuma!"

"Halirudi nyuma!" akapaza Ngedere.

Pimbi akachovya kidole. Ssss! Moto.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Moyo wake ulitaka amwage kimea sasa hivi, kifuko kizima, auone ule mwiko unalala, auone ule uso. Mkono ulishafika kiunoni. Lakini akitia sasa kimea kinakufa, mwiko unasimama mpaka kiama, na watoto wanne wanalala njaa kwa sababu mama yao alishindwa kungoja. Akaurudisha mkono. Akauma meno.

"Mkubwa," akasema, "hebu tueleze ile magai ya kusini inanywewaje."

Kiboko akaeleza. Alipenda kueleza. Akaeleza magai, akaeleza bushera, akaeleza shayiri, akaeleza namna alivyoletewa, alivyonyweshwa, alivyofutwa mdomo. Pimbi akachovya kidole. Bado. Kiboko akaeleza ile ya chupa, jinsi inavyopanda puani. Pimbi akasikiliza kila neno, na kila neno lilimchoma. Vyote hivyo amevinywa, na hajui hata kimoja kilivyopikwa! Akachovya.

Sasa.

"Onja, Mkubwa. Kidogo tu, kwa ncha ya ulimi, usiguse mwiko."

Kiboko akalamba. Akatafuna. Akakunja uso.

"Mbona haina utamu?"

"Aa, Mkubwa! Samahani. Sijatia kimea. Ndicho kinachotia utamu. Lakini labda leo niache, usije ukasema nimekuharibia..."

"Tia!"

"Nitie kidogo?"

"Tia chote! Nyingi na tamu, ndivyo ninavyotaka. Tia, nimesema!"

"Mmesikia?" Pimbi akawageukia wenzake. "Mkubwa amesema nitie."

"Tumesikia," akasema Kanga. Wanawe kumi na wawili nao, "Tumesikia!" Na wote waliowahi kushika mwiko wakaziba midomo kwa mikono, wakatazama chini, mabega yanatikisika.

Pimbi akamimina kimea chote. Akakoroga mara moja, mara mbili, mara kumi. Akauchomeka mwiko katikati, akauachia, akarudi nyuma hatua tatu.

Mwiko ukasimama.

"Haya!" akasema Kiboko. "Si ndiyo huo?"

Kivuli kikasogea kidogo. Mwiko umesimama. Nzi akatua juu yake, akaondoka. Uji ukaanza kung'aa juu, ukapata kimaji pembeni. Mwiko ukainama, kidogo, kama mtu anayesinzia kwenye hotuba.

"Unainama," akasema Ngedere.

"Hauinami!" akasema Kiboko.

Mwiko ukainama tena. Ukaegemea. Ukatelezaaa... ko! Ukagonga ukingo wa chungu, kisha, chubwi! Ukazama wote na mpini wake.

Halafu Kanga akaanza kucheka, na wanawe wakacheka, na Kobe akatoa kichwa kuuliza kuna nini.

"Umenichezea!" akanguruma Kiboko. Mdomo ukafunguka, meno kama mitwangio, na ukamjia Pimbi pale alipo. "Nitakumeza wewe na mawe yako!"

Pimbi hakurudi nyuma. Alikuwa amengoja vyungu vitatu kwa ajili ya dakika hii.

"Fumba!" akapiga kelele, na sauti ilitoka kubwa kuliko mwili. "Nani alisema nitie? Wewe! Nani alisema nitie chote? Wewe! Umekunywa dunia nzima, hujawahi hata siku moja kuuliza chungu kinakuwaje chungu! Nimepika viwili ukalamba, ukaniambia maji ya kunawia. Wanangu wangekufa, na wewe ungecheua! Shamba lile pale. Shuka!"

Kiboko akatazama pembeni. Kila upande ulikuwa na jembe, na kila jembe lilikuwa limeinuliwa. Akamtafuta Ngedere.

"Mkubwa," akasema Ngedere, tayari amesimama upande wa Kanga, "hata mimi nilikusikia. Ulisema neno lako halirudi nyuma."

"Halirudi nyuma!" wakaitikia wote.

Akashuka. Ndi. Ndi. Ndi. Lakini pole pole.

Akapalilia kwa mdomo. Ng'wafu! Akatema. Ng'wafu! Akatema.

"Hapo umeng'oa ulezi!" Pimbi alisimama nyuma yake. "Gugu ni lile. Inama. Inama vizuri."

Jua likawaka. Ngozi ya Kiboko haikuwahi kukaa juani asubuhi nzima. Ikakauka, ikakakamaa, ikapasuka, akaanza kutokwa jasho jekundu. Mpaka leo linamtoka. Mnaambiwa anashinda majini kwa sababu anapenda maji. Anajificha! Anatoka giza likiingia, akiwa na hakika kwamba hakuna anayekwenda ujima saa hizo.

Jua lilipofika utosini shamba lilikuwa safi, ulezi unapumua. Pimbi akaleta chungu. Togwa ilikuwa laini, tamu, yenye harufu ya kimea. Kanga, wanawe na wenzao walimalizia mistari ya pembeni, wakapewa. Nguchiro akapewa. Kisha Pimbi akachota kata nyingine, akasimama nayo mbele ya Kiboko, na mkono ulikuwa mzito. Alitaka kuimwaga chini. Wallahi alitaka. Lakini desturi ni desturi, aliyelima anywe.

"Shika," akasema.

Kiboko akamwaga kata ile mdomoni. Ikapotea huko kama tone. "Moja tu?"

"Moja. Kila aliyelima, moja."

Ngedere akanyoosha mkono. "Na mimi je, dada yangu?"

"Wewe," akasema Pimbi, "umelima wapi?"

Akafunika chungu.

Nami hadithi yangu nimeifunika kawa. Atakayeifunua kwa wenzake anawe mikono kwanza.

Mnataka funzo? Mnapenda sana mafunzo ninyi. Haya. Funzo la kwanza, mdogo amvumilie mkubwa, asijibu, asikasirike, maana hasira hasara. Mmeona wenyewe Pimbi alivyopata hasara. Funzo la pili, mkubwa hakosei.

Na la tatu, hili mlishike kuliko yote. Ninyi wavulana mnaochungulia jikoni kwangu, tokeni. Kaeni huko barazani, msubiri mletewe. Msishike mwiko, msiulize kimea ni nini, msijue chungu kinaivaje. Maana mkija kujua, sisi tutawashinda vipi?